Ruzuku Haiuzwi: Namna ya Kutafuta Ufadhili na Kuandaa Andiko la Mradi

Miongoni mwa malalamiko yanayoifikia ofisi yetu yapo yanayofanana kiasi kwamba anayesoma mawili amesoma yote. Kikundi cha akina mama, au cha vijana, au cha wakulima, kimeambiwa kwamba yupo mfadhili anayegawa fedha. Aliyeleta habari ni mtu mwenye lugha laini na bahasha yenye nembo. Kila mwanachama ametoa shilingi 10,000 au 20,000 za fomu. Baadaye imedaiwa ada ya usajili, na baadaye tena gharama ya kufungua akaunti ambamo fedha zitaingia. Kisha simu ya mleta habari imezimwa. Kikundi kilichokuwa na akiba kidogo sasa hakina kitu, na lililo baya zaidi ni kwamba wanachama hawaaminiani tena, kwa kuwa kila mmoja anamshuku katibu kwamba alikula njama na tapeli.

Onyo la kwamba wananchi wawe macho limetolewa mara nyingi, nasi tumelitoa. Tunaona kwamba peke yake halitoshi. Anayejua ruzuku halisi hupatikana kwa njia ipi, hutangazwa wapi, na mtoaji wake huuliza maswali gani, humtambua laghai kabla hajamaliza sentensi yake ya pili. Kwa sababu hiyo makala haya yanaeleza kazi yenyewe: kutafuta ufadhili, kuandika andiko, na kulisimamia mpaka jibu lije. Masuala ya utapeli tutayagusa pale yanapojitokeza njiani.

Ruzuku ni nini, na si nini

Ruzuku ni fedha au vifaa anavyopewa mtu au taasisi ili kutekeleza kazi iliyotajwa, bila kudaiwa kurejesha, kwa sharti kwamba vitatumika kwa kazi hiyo tu na hesabu yake itatolewa. Sharti hili la mwisho ndilo watu wengi hulisahau. Ruzuku hairudishwi, lakini inaulizwa.

Mkopo ni jambo jingine, hata usipokuwa na riba. Kila halmashauri nchini hutakiwa kisheria kutenga asilimia 10 ya mapato yake ya ndani kwa ajili ya vikundi: asilimia 4 kwa wanawake, asilimia 4 kwa vijana na asilimia 2 kwa watu wenye ulemavu. Utaratibu huo ulisitishwa mwaka 2023 ili upangwe upya, ukarejeshwa mwaka uliofuata. Wapo wanaoziita fedha hizo ruzuku, na wapo waliozipokea wakiamini hivyo. Hizo ni mikopo. Hazina riba, nalo ni jambo jema sana, lakini marejesho yake ni wajibu, na kikundi kinachozitumia kana kwamba ni zawadi kitajikuta mdaiwa wa halmashauri yake.

Vilevile malipo ya Mfuko wa Maendeleo ya Jamii, TASAF, kwa kaya maskini hayaombwi kwa andiko wala kwa fomu ya kununua. Kaya hutambuliwa kwa kuishirikisha jamii yenyewe, katika mkutano wa kijiji au mtaa. Anayekuja nyumbani kwako kuuza fomu ya TASAF anauza karatasi.

Jambo la tatu, ambalo huwavunja moyo wengi na kwa hiyo ni afadhali lisemwe mapema: ruzuku nyingi hazitolewi kwa mtu binafsi kwa ajili ya mahitaji yake mwenyewe. Mfuko wa kulipa kodi ya nyumba, kuongeza mtaji wa duka la mtu mmoja au kumalizia nyumba yake ni nadra mno. Watoaji wa ruzuku hutafuta kazi ambayo manufaa yake yanavuka uzio wa mwombaji. Ujumbe wa simu unaosema kwamba umechaguliwa kupata ruzuku binafsi, hali hukuomba, hauna haja ya kuchunguzwa zaidi.

Mahali pa kutafuta

Anzeni karibu. Afisa Maendeleo ya Jamii wa kata ndiye mtu wa kwanza wa kuonwa, na kumwona hakulipiwi. Yeye huelekeza namna ya kukiandikisha kikundi katika halmashauri, hufahamu miradi inayotekelezwa wilayani, na mara nyingi husikia tangazo kabla halijabandikwa. Maafisa wa kilimo, mifugo, misitu na uvuvi nao husikia habari za sekta zao.

Zaidi ya hapo, ipo mifuko ya umma iliyoundwa kwa shughuli maalumu. Mfuko wa Misitu Tanzania, uliotokana na Sheria ya Misitu ya mwaka 2002, hutoa ruzuku kwa kazi za uhifadhi na matumizi endelevu ya misitu na nyuki. Tume ya Sayansi na Teknolojia, COSTECH, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 1986, husimamia mfuko wa kugharimia utafiti na ubunifu. Asasi za kiraia zilizosajiliwa huweza kuomba kwa Foundation for Civil Society, yenye makao yake Dar es Salaam. Programu ya Ruzuku Ndogo ya Mfuko wa Mazingira Duniani, inayosimamiwa na UNDP tangu mwaka 1992, hufadhili asasi na vikundi vya ngazi ya jamii katika masuala ya mazingira. Ubalozi wa Japani una programu ya kugharimia miradi midogo ya jamii, kama vile madarasa, visima na zahanati. Programu hiyo hupokea maombi ya asasi zisizotafuta faida, halmashauri, shule na hospitali. Haipokei ya mtu binafsi wala ya kampuni.

Hatukuitaja mifuko hii ili kila msomaji akimbilie kuiandikia. Tumeitaja ili ionekane kwamba kila mmoja una kusudi lake. Mfuko wa misitu hauna haja na darasa lenu, hata kama paa lake linavuja, na ubalozi unaojenga madarasa huenda hauna haja na mizinga. Sehemu kubwa ya maandiko yanayokataliwa hayakuandikwa vibaya. Yalipelekwa mahali pasipo pake. Kabla ya kuandika neno lolote, tafuteni mwongozo wa maombi wa mfuko husika na mjibu maswali haya: unafadhili kazi ya namna gani, katika mikoa gani, kwa waombaji wa aina gani, kwa kiwango gani cha juu, na siku ya mwisho ni lini? Lipo na swali la sita, ambalo watu hulipita: mfuko huu haulipii nini? Mifuko mingi hailipi mishahara ya viongozi, madeni ya zamani wala ununuzi wa ardhi. Ikiwa mahitaji yenu makubwa yamo katika orodha hiyo, mmeokoa mwezi mzima wa kuandika.

Tangazo la kweli hupatikana kwa mtoaji mwenyewe: ofisini kwake, katika tovuti yake rasmi, katika ubao wa halmashauri au gazetini. Likiwafikia kwa njia ya kundi la WhatsApp, chukueni jina tu, kisha mlitafute upya kwa mwenyewe. Msipige namba iliyoandikwa ndani ya ujumbe huo. Tapeli hujipigia debe kwa namba yake mwenyewe, naye ndiye atakayepokea.

Kabla ya andiko

Mfadhili hasomi andiko tu, husoma pia mwandikaji. Hutaka kujua kama kikundi kipo kweli, kina viongozi waliochaguliwa, na kina mahali pa kuweka fedha. Hivyo vitu vinne hutangulia: cheti cha usajili ambacho muda wake haujaisha, katiba, mihtasari ya vikao, na akaunti ya benki kwa jina la kikundi yenye watia saini zaidi ya mmoja. Usajili wenyewe hutegemea aina ya chombo. Kikundi cha kijamii huandikishwa halmashauri, na shirika lisilo la kiserikali husajiliwa chini ya Sheria Na. 24 ya mwaka 2002. Msikubali kuambiwa kwamba mnaweza kupitisha fedha katika akaunti ya mtu “kwa muda tu”. Katika malalamiko tuliyoyashughulikia, muda huo haukuwahi kwisha.

Mihtasari ya vikao huonekana kitu kidogo. Hata hivyo, daftari linaloonyesha kwamba kikundi kilikutana mara tisa mwaka uliopita, nani alihudhuria, kiasi gani kiliwekwa na kilitumikaje, lina uzito kuliko kurasa tatu za kujisifu. Kikundi ambacho kimeweza kutunza shilingi 400,000 zake chenyewe kina hoja ya kupewa milioni nne za mwingine.

Kuandika: mfano wa wafugaji nyuki

Tuchukulie kikundi cha wafugaji nyuki 22 katika kijiji kilicho kando ya msitu wa miombo mkoani Tabora. Kikundi hiki ni cha kubuni, na hesabu zake ni za mfano, lakini shida yake inafahamika kwa yeyote aliyeishi katika maeneo hayo. Wanachama wanarina asali kutoka katika mizinga ya magome, wanataka mizinga ya kisasa ya mbao, na wamesikia tangazo la mfuko unaohusika na misitu.

Jaribio la kwanza la kuandika, katika vikundi vingi, huwa hivi: “Mradi huu unalenga kuwajengea uwezo wanajamii katika nyanja za kiuchumi, kijamii na kimazingira ili kuleta maendeleo endelevu.” Sentensi hii haina kosa la sarufi. Tatizo lake ni kwamba inafaa Tabora, inafaa Mtwara, inafaa ufugaji wa kuku na inafaa ushonaji. Kuwajengea uwezo ni maneno yaliyochoka kwa kutumwa kila mahali. Anayechambua maandiko 100 ameyasoma mara 100, na hayamwambii ni nani atafanya nini.

Jaribio la pili linaweza kuwa hivi: “Wanachama wetu 22 hutengeneza kwa wastani mizinga 5 ya magome kila mmoja kwa mwaka. Kila mzinga huchunwa katika mti mmoja uliokomaa, na mti uliochunwa gome pande zote hufa ungali umesimama. Kwa hesabu hiyo tunaua miti 110 kila mwaka ili kupata asali, na maua ya miti hiyohiyo ndiyo chakula cha nyuki wetu.”

Tofauti ya majaribio haya mawili haikuletwa na ufasaha. Sentensi za pili zingeweza kusemwa na mzee asiyejua kuandika, akaandikiwa na mjukuu wake. Kilichobadilika ni kwamba sasa kuna kitu ambacho watu wa mahali pale tu ndio wangekijua, nacho kimehesabiwa. Hapo ndipo nguvu ya andiko ilipo, na ndiyo maana haiwezi kununuliwa mjini. Kabla ya kukaa kuandika, kikundi kinapaswa kutoka: kuhesabu mizinga, kuuliza kila mwanachama alirina kilo ngapi na aliuza kwa nani, kuandika bei, kutembelea miti iliyokufa. Siku mbili za kazi hiyo zina faida kuliko wiki mbili za kutafuta maneno.

Baada ya tatizo huja lengo, nalo lazima lipimike. “Kuongeza kipato” ni matumaini. Lengo linaweza kuandikwa hivi: “Ifikapo mwezi wa 18 wa mradi, mizinga isiyopungua 36 kati ya 60 itakuwa na nyuki, na wanachama wote 22 watakuwa wameacha kuchuna magome.” Wengine watashangaa kwa nini tumeandika 36 badala ya 60. Anayefuga nyuki anajua kwamba mzinga kutundikwa ni jambo moja na nyuki kuingia ni jingine, na kwamba mingine hukaa mitupu msimu mzima. Mchambuzi wa mfuko wa misitu naye anajua. Andiko linaloahidi mizinga 60 kati ya 60 humwonyesha kwamba mwandikaji hajawahi kufuga nyuki, au amefuga na sasa anamdanganya. Ahadi ndogo inayotimizika humpa mfadhili imani. Ahadi kubwa humpa maswali, na mwaka unaofuata huwapa ninyi aibu ya kueleza kwa nini haikutimia.

Eleza kazi kwa mfuatano wake na umtaje mtendaji. Nani atanunua mizinga na kwa kulinganisha bei za mafundi wangapi? Itatundikwa wapi? Ikiwa manzuki yatakuwa katika msitu wa kijiji, ambatisheni muhtasari wa kikao cha kijiji kilichoridhia. Ikiwa ni katika hifadhi ya serikali, kibali cha Wakala wa Huduma za Misitu kinahitajika. Nani atawafundisha wanachama kukagua mizinga na kuchuja asali, na kwa siku ngapi? Mafunzo yawepo kwa kiasi cha haja. Tumeona bajeti ambazo nusu yake ni semina na posho, na vifaa vyenyewe vimebanwa mwishoni kama abiria wa daladala. Mchambuzi huliona hilo mara moja, na hatumlaumu kwa kulitilia shaka.

Tajeni pia yanayoweza kwenda kombo. Nyegere huvunja mizinga, moto wa msituni huiteketeza, na mwaka wa mvua haba hauna maua. Wengi huogopa kuyaandika wakidhani wanaharibu ombi lao. Kinyume chake, mwombaji anayesema kwamba mizinga itaning’inizwa kwa waya ili nyegere wasiifikie, na kwamba njia ya kuzuia moto itafyekwa kuzunguka manzuki kabla ya kiangazi, ameonyesha kwamba anaijua kazi.

Mwisho, mfadhili atauliza: fedha zetu zikiisha, itakuwaje? Jibu la “tutaendelea kutafuta wafadhili” ni jibu baya kuliko yote. Kikundi chetu cha mfano kinaweza kuandika kwamba kila mwanachama atachangia sehemu fulani ya mauzo ya kila msimu katika mfuko wa kukarabati mizinga, na kuonyesha kwa hesabu kwamba sehemu hiyo inatosha.

Bajeti

Wachambuzi wengi huanzia hapa, si mwanzoni mwa andiko. Bajeti ni andiko lilelile likisemwa kwa tarakimu; kitu kilichotajwa katika kazi lazima kionekane katika bajeti, na kilichomo katika bajeti lazima kiwe kimetajwa katika kazi.

Kila mstari uonyeshe idadi, bei na jumla. Badala ya “Mizinga: 5,000,000”, andikeni “Mizinga ya mbao 60 kwa shilingi 80,000 kila mmoja: 4,800,000”. Bei hiyo ni ya mfano. Yenu itokane na ankara kifani mlizoomba kwa mafundi au wauzaji wasiopungua watatu, nazo ziambatishwe. Tarakimu za mviringo kila mahali huonyesha kwamba bei zilikisiwa mezani. Msisahau usafiri, ambao huko vijijini huweza kuzidi bei ya kitu chenyewe, wala makato ya benki.

Onyesheni mchango wenu. Mara nyingi wanakikundi husema hawana cha kuchangia, kumbe wanacho. Wanachama 22 wakifanya kazi kwa siku 6 za kufyeka, kusimika nguzo na kutundika mizinga, hizo ni siku za kazi 132. Kwa malipo ya kibarua ya shilingi 5,000 kwa siku, mchango huo ni shilingi 660,000. Mbao za nguzo, eneo lililotolewa na kijiji na chumba cha kuhifadhia asali navyo vina thamani. Andikeni kwa ukweli, kwani mtakuja kuulizwa.

Swali linaloletwa kwetu mara kwa mara ni kama yafaa kupeleka mradi mmoja kwa wafadhili wawili. Yafaa kuomba, na yafaa kueleza kwa kila mmoja upande wa mradi unaomhusu: kwa mfuko wa misitu, miti inayookolewa, kwa mfadhili wa wanawake, kipato cha wanachama wanawake. Lakini kila ombi litaje lile jingine. Kupokea fedha mara mbili kwa mizinga ileile na kunyamaza ni udanganyifu, hata kama nusu ya pili imetumika kwa jambo jema.

Mtu wa kuwaandikia

Si kosa kumlipa mtu awasaidie kuandika. Wapo washauri waadilifu, na mwalimu mstaafu wa kijijini anaweza kuwa bora kuliko wengi wao. Hata hivyo tunashauri masharti haya yasilegezwe. Malipo yawe ya kiasi kilichokubaliwa kwa maandishi, kwa kazi ya kuandika, ipatikane ruzuku au isipatikane. Anayetaka asilimia fulani ya ruzuku ikija aepukwe, kwa sababu rahisi: fedha hizo hazimo katika bajeti, na kwa hiyo njia pekee ya kumlipa ni kupandisha bei za vitu au kuandika stakabadhi za uongo. Siku ya ukaguzi yeye hatakuwapo. Watakaoitwa ni mwenyekiti, katibu na mweka hazina, ambao saini zao ndizo zilizo katika mkataba.

Aepukwe pia anayewapa andiko lililokwisha kuandikwa. Maandiko hayo huzunguka kutoka kikundi hadi kikundi, na tumewahi kuletewa moja lililoomba mizinga huku ukurasa wake wa nne ukizungumzia nyavu na mitumbwi. Kabla ya kutia saini, andiko lisomwe lote kwa sauti mbele ya wanachama, kwa Kiswahili, hata kama litapelekwa kwa Kiingereza. Mwanachama yeyote akiulizwa na mkaguzi aliyefika ghafla kijijini mradi unahusu nini, aweze kujibu. Wafadhili wengi hufanya ziara za namna hiyo kabla ya kuamua, na maandiko mazuri huangukia hapo.

Na anayedai kwamba “ana mtu ndani” ya mfuko aachwe aende zake. Akiwa mwongo, amewaibia. Akiwa mkweli, amewashirikisha katika rushwa, na mahali pake ni TAKUKURU, ambako simu ya kutoa taarifa ni 113 na haina malipo.

Kupeleka, kusubiri, na jibu

Pelekeni mapema. Mtandao hukatika siku ya mwisho, na mihuri ya ofisi za kata haipatikani Jumamosi. Fuateni idadi ya kurasa, lugha na viambatisho vilivyotakiwa. Mchujo wa kwanza mara nyingi hufanywa na mtu mwenye orodha ya kuhakiki, naye hana mamlaka ya kuwasamehe cheti kilichokosekana. Baki na nakala kamili, na ombeni uthibitisho wa kupokelewa.

Jibu likiwa ndiyo, kitakachofuata ni mkataba. Usomeni kabla ya furaha. Angalieni fedha zitakuja kwa awamu ngapi, taarifa zitatolewa lini, stakabadhi zitunzwe kwa miaka mingapi, na kama mnaweza kuhamisha fedha kutoka mstari mmoja wa bajeti kwenda mwingine. Bei ya mizinga ikipanda, ombeni ruhusa kwa barua kabla ya kununua michache. Kwa mashirika yasiyo ya kiserikali, kanuni za mwaka 2018 zinataka mikataba ya ufadhili inayozidi shilingi milioni 20 iwasilishwe kwa mamlaka husika ndani ya siku 10 baada ya kusainiwa, na mapato na matumizi yake yawekwe wazi kwa umma. Hakuna mfadhili halali atakayewataka mtume fedha kwanza ili afungue malipo, ziitwe kodi, bima, ada ya uhamisho au jina jingine lolote.

Jibu likiwa hapana, andikeni barua fupi ya shukrani na muulize sababu. Si wote watajibu, lakini wanaojibu huwapa bure kile ambacho mshauri angewauzia. Kama sababu ni kwamba mradi hauhusiani na mfuko, tafuteni mfuko mwingine. Kama ni bajeti au vielelezo, rekebisheni na mwombe tena katika awamu inayofuata. Hesabu ya miti 110 bado ni yenu, na haikupotea pamoja na ombi.

Kwa waliokwisha kulipa

Ikiwa kikundi kimekwisha kutuma fedha na sasa kina shaka, saa za mwanzo ndizo zenye manufaa. Pigeni simu mara moja kwa huduma kwa wateja ya mtandao mliotumia kutuma fedha na muombe muamala uzuiwe. Msifute ujumbe wowote, hata ule unaowatia aibu. Namba iliyotumika itumeni kwa ujumbe mfupi kwenda 15040, inayosimamiwa na Mamlaka ya Mawasiliano, kisha mfike kituo cha polisi mkiwa na kumbukumbu za muamala, fomu mlizouziwa, na orodha ya wanachama na kiasi alichotoa kila mmoja. Orodha hiyo isomwe pia katika kikao cha kikundi mapema iwezekanavyo, katibu akiwapo, ili kila mtu ajue fedha zilitoka vipi na zilikwenda wapi.